Siku Tatu Kisiwani na Sinia Moja

Mhariri aliniomba niandike taarifa ya wikiendi yetu ya kisiwani: tulikwenda wapi, tulikula nini, fedha za klabu zilitumikaje. Mhazini ameshatoa hesabu yake kwenye mkutano, na aliyetaka kuikosoa ameshaikosoa. Kwa hiyo mimi nitaandika juu ya chakula na juu ya bibi yangu, kwa sababu kwangu safari ile haikuwa ya klabu hata kidogo, ingawa klabu ndiyo iliyolipa.

Nianze na sinia. Nyumbani kwetu, Scarborough, tunakula tumekaa chini, mkeka umetandikwa sebuleni, sinia moja katikati. Meza tunayo, lakini imebebeshwa barua, dawa za Bibi na cherehani. Bibi alikuja kutoka Wete, Pemba, mwaka 2013, na tangu hapo sheria za sinia ni zake. Unanawa. Unasema bismillahi. Unakula kwa mkono wa kulia. Na unakula mbele yako: wali ulio mbele yako ndio wako, huvuki kwenda kuchokoa kwa mwenzako hata kama kipande kizuri kimeangukia upande wake. Ila Bibi mwenyewe anavuka. Yeye humega nyama, huchambua samaki miiba, halafu husukuma kinofu mbele ya mtu anayemtaka, bila kumtazama. Ukikulia katika nyumba kama hiyo huhitaji kuambiwa kwamba unapendwa. Unahesabu vinofu.

Mwaka jana niliacha kula nyama, samaki, mayai na maziwa. Sababu zangu hazina ajabu, mnazijua, na wengi wenu mmezisikia kutoka kwangu zaidi ya mlivyotaka. Kosa langu lilikuwa siku niliyochagua kutangaza. Ilikuwa Idi kubwa. Biriani ya mbuzi imeshapakuliwa, wageni wameshanawa, nami nikasema kwa Kiswahili changu cha darasani, "Bibi, mimi sili wanyama tena."

"Nani anakula wanyama?" Bibi akauliza. "Wanyama wako porini. Hii ni nyama."

Watu wakacheka. Mtu mwenye akili angecheka nao, akala wali na kachumbari, mambo yakaisha. Mimi nikatoa simu nikaanza kusoma takwimu za gesi ya ng'ombe, siku ya kuchinja, mbele ya mzee aliyeweka akiba miezi mitatu ili anunue yule mbuzi. Baba akaniambia niende nje nikaangalie kama gari limefungwa. Gari lilikuwa limefungwa.

Siku chache baadaye nilijaribu kumweleza kwa utulivu. Tatizo likawa ni neno lenyewe. Waingereza walilibuni mwaka 1944, Donald Watson na wenzake, na sisi hapa klabuni tumezoea kulitamka "vigani". Nikamwambia Bibi, "Mimi ni vigani." Akanijibu, "Vi gani? Vitu gani?" Nikasema basi, mla majani. Akasema hao ni ng'ombe. Nikasema nakula mboga tu. Akaniuliza mboga ya nini, ya samaki? Mwalimu wetu alinieleza baadaye kwamba kwa Waswahili wengi mboga ni chochote kinachoteremsha wali au ugali, hata kama kina pembe. Nadhani hili ni somo zuri kwa wale wanaoandaa mtihani wa msamiati, lakini siku ile halikunisaidia.

Bibi hakunigombeza. Alikwenda duka la bei poa akaninunulia sahani. Ya plastiki, rangi ya buluu, yenye kifuniko, ili mchuzi wa nyama usinirukie. Ikawa kila siku tukikaa mkekani, wao sinia, mimi sahani yangu pembeni: wali mweupe, achari, maharage ya kopo. Alifanya kwa wema. Hapo ndipo palipouma. Ukigombezwa unaweza kujibu, lakini sahani utaijibu nini? Nilikula kwenye ile sahani zaidi ya mwaka mmoja, na hakuna aliyesukuma kitu chochote mbele yangu, kwa sababu hapakuwa na mbele yangu.

Wazo la wikiendi lilizaliwa kwenye mkahawa wa Wahabeshi, Danforth, pale karibu na Greenwood ambapo klabu huenda kila mwisho wa muhula. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, mayai na maziwa kila Jumatano na Ijumaa, mbali na mfungo wao mrefu wa kabla ya Pasaka, kwa hiyo mikahawa yao ina chakula cha mfungo siku zote: dengu, kunde, kabichi, viazi, vyote vimemwagwa juu ya injera moja, watu wanazunguka wanamega. Nilikula na wenzangu sahani moja. Nilikuwa nimesahau raha yake. Njiani kurudi nikamwambia Katibu: twende mahali, tupike wenyewe, siku tatu, chakula cha mimea kitupu, sinia moja. Katibu akafikiri akasema litakuwa jambo rahisi pia, maana tuko tisa na haturuhusiwi kula vitu vilevile: kuna wa halali, kuna Msabato wa Kisii asiyekula nyama kabisa, kuna asiyetaka harufu ya dagaa. "Tukila majani hakuna atakayekasirika," alisema. Mtaona alivyokosea.

Nani atatufundisha kupika? Hapo nikajitolea bibi yangu kabla sijamuuliza.

Bibi alikubali kupika, alikataa kuvuka. Visiwa vya Toronto mnavijua, viko pale mbele ya mji, feri ni chini ya robo saa kutoka gati la Jack Layton mwisho wa Bay Street. Lakini Bibi hakuwa amepanda chombo cha majini tangu Septemba 2011, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilipozama usiku. Mtu wa Pemba akitajiwa mwezi ule haulizi kwa nini. Sikumsihi. Nilimwambia tu kwamba tutamkosa, na kwamba mimi ndiye nitakayekuna nazi. Alinitazama muda mrefu. "Wewe? Nazi?" Kesho yake asubuhi nikakuta ameshatoa mbuzi chini ya kitanda na kuifunga ndani ya kanga.

Kwa wasioijua, mbuzi ni kigoda kinachokunjwa kama marufaa ya msahafu, chenye ulimi wa chuma wenye meno. Unakikalia, unakunia nazi. Bibi aliileta ndani ya sanduku alipohamia huku, na afisa wa uwanja wa ndege aliigeuzageuza kama mtu aliyeokota mfupa wa dinosauri.

Basi Ijumaa mchana tukashuka: treni ya chini kutoka Kennedy, tukabadili Bloor-Yonge, tukatokea Union. Bibi na mkoba wake, mimi na mbuzi mgongoni na sinia chini ya kwapa, sinia lenye upana wa mita nzima kasoro kidogo. Abiria mmoja aliniuliza kama mimi ni mpiga ngoma. Gatini wenzetu walikuwa wanasubiri na mihogo, nazi 12, magunia ya mchele na unga, na kopo la faini: kila neno la Kiingereza senti 25. (Bibi alitozwa faini ya kwanza kwa kusema "friji". Rufaa ilipelekwa kwa Mwalimu kwa simu. Mwalimu akaamua kwamba friji ni Kiswahili na tukamrudishia robo yake.)

Ndani ya feri Bibi hakukaa. Alisimama chini ya ubao wenye maandishi ya usalama akaniambia nimfasirie wote. Akauliza maboya yako wapi. Nikamwonyesha. Akayahesabu kwa kidole, midomo ikienda, na sikujua kama anahesabu au anasoma dua. Alinishika mkono mpaka chombo kilipogusa gati la Hanlan's Point, kisha akauachia haraka, akatengeneza mtandio wake na kusema, "Kumbe hapa hapa tu."

Kutoka pale ni kama nusu saa kwa mguu kwa watu wenye mizigo, na magoti ya Bibi hayaiwezi. Visiwani hakuna magari ya watu binafsi. Wenyeji, wale wachache wenye nyumba upande wa mashariki, huenda kwa baiskeli na kuvuta vitu vyao kwa vikokoteni. Mwenzetu ambaye mama yake ni wa Mombasa alisema ni Lamu isiyo na punda. Punda tukawa sisi. Bibi tulimkalisha kwenye mkokoteni wa kukunja tuliouazima, nazi miguuni, sinia kifuani kama ngao, akawa anasalimia kila mwendesha baiskeli kwa kupunga mkono. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tangu aje nchi hii.

Tulikodi vyumba Gibraltar Point, kwenye jengo la zamani la shule ambalo Artscape waliligeuza kuwa mahali pa wasanii mwaka 1999. Lina jiko kubwa la pamoja, na ufuko uko nyuma ya miti. Karibu yake upo mnara wa taa wa mwaka 1808, ambao mlinzi wake wa kwanza alitoweka mwaka 1815, na watu husema aliuawa na bado anatembea. Bibi aliposikia hivyo akasoma Ayatul Kursi akapuliza pande zote nne, na kisa cha yule mlinzi kikawa kimekwisha. Nilimweleza pia kwamba zamani hapa hapakuwa kisiwa: palikuwa na ulimi wa mchanga ulioshikana na bara, Wamississauga walipaheshimu kama mahali pa kupata uponyaji, na dhoruba ya mwaka 1858 ndiyo iliyoukata. "Basi ni kisiwa cha juzi," akasema. Akateremka ufukweni, akachovya kidole ziwani, akakilamba. "Halina chumvi. Watu wa hapa hupikia nini?"

Sasa chakula.

Msabato wetu alitaka kumaliza kazi yake kabla jua la Ijumaa halijazama, kwa hiyo aliinjika sufuria la maharage tulipofika tu, na jua lilipogusa maji akaweka mwiko chini na hakuugusa tena mpaka Jumamosi jioni. Dada mmoja, ambaye wazazi wa baba yake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, alikaanga mihogo kwa chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Kwao huitwa "mogo", na hajui Kiswahili kingine ila cha jikoni: sufuria, kisu, mogo, haraka. Bibi alisema hicho ndicho Kiswahili muhimu. Mihogo ile haikubaki hata kimoja, na kwangu mimi ilishinda vyakula vyote vya siku tatu isipokuwa urojo, ambao nitaufikia.

Usiku ule ndipo nilipoikalia mbuzi. Bibi aliweka kiti mbele yangu kama mwamuzi. "Haya, mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi zetu wanavyotutania, "umesema mbuzi humli. Basi mkalie."

Kukuna nazi si mchezo. Ukibonyeza sana unapata gome jeusi, tui linakuwa na rangi ya maji ya barabarani. Ukibonyeza kidogo utakesha. Kati ya nazi 12, nne zilikuwa mbovu, kwa sababu tulizinunua bila kuzitikisa sikioni. Nilikuna nane, kidole gumba kikatoka damu, Bibi akaangalia na kusema kwamba angalau sasa kuna nyama kidogo. Akanifundisha kukamua: maji ya vuguvugu kidogo tu, tui la kwanza, kasimile, linawekwa kando na kuingia chunguni mwisho kabisa moto ukiwa umepunguzwa. Tui la pili na la tatu ndiyo ya kuchemshia. Hapakuwa na kifumbu, tukatumia kitambaa cha pamba. Saa tano usiku, mikono imekufa ganzi, nikamuuliza jinsi alivyokuwa akifanya haya kila siku hapa Scarborough miaka yote hii.

"Hapa? Mie natumia tui la kopo," akasema. "Mbuzi ni wewe ulinambia unataka ya asili."

Alfajiri alikuwa ameshaumua unga wa maandazi kwa tui na iliki. Ulitokea ugomvi mfupi na mwenzetu wa Mombasa, ambaye anaapa kwamba hayo ni mahamri, na maandazi ni kitu kingine. Tulikula hivyohivyo, na mbaazi za nazi. Mbaazi kavu tulizipata duka la Wajamaika, huko huziita kwa jina jingine kabisa. Chai ya rangi na mchaichai. Hapakuwa na kitu hata kimoja kilichobadilishwa kwa ajili yangu. Hicho ni chakula cha asubuhi cha pwani nzima, na mimi nilikuwa nimekaa mwaka mzima na sahani ya buluu wala sikukumbuka kukiomba.

Mwanachama mmoja, simtaji, alikuwa amebeba pakiti ya nyama ya bandia iliyotengenezwa kiwandani kwa njegere. Aliikaanga. Bibi akaonja kipande, akatafuna kwa adabu, akasema, "Mtu kama humtaki mume, mbona unavaa kanzu yake?" Pakiti ya pili ilirudi mjini haijafunguliwa.

Mchana tukala urojo ufukweni, tumejifunga mablanketi kwa sababu upepo wa mwisho wa Septemba ulikuwa umeanza kuuma. Kama hujala urojo, nakuonea huruma na sitakueleza vizuri: ni rojo ya unga yenye manjano na uchachu wa embe bichi, ndani yake bhajia, kachori, viazi, juu yake chatne ya nazi, pilipili, na chipsi nyembamba za muhogo zinazolia mdomoni. Unguja wengine huongeza mishkaki na yai. Yetu haikuwa na mishkaki wala yai na sikusikia mtu akiulizia. Embe bichi la Toronto halina ukali wa kutosha, tukaongeza ukwaju. Watu wawili waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama kuuliza ni supu gani. Tukawapa bakuli. Kopo la faini likapata dola moja na robo kwa maelezo tuliyowapa.

Jioni ndiyo niliyokuwa naisubiri. Sinia. Wali wa nazi, bilingani (lililoungua, kazi yangu), choroko, maharage ya Msabato yaliyotiwa kasimile, achari, ndizi mbivu za nazi. Na majani ya muhogo, ambayo yalikuwa yameleta mgogoro tangu asubuhi. Mwenzetu wa Bukavu anayaita sombe na huyapika kwa mawese. Bibi anayaita kisamvu na huyatia nazi na karanga. Majani ni yaleyale, yaliyogandishwa, kutoka pakiti zilezile, na yote mawili lazima yachemke muda mrefu maana majani ya muhogo mabichi yana sumu. Tulipika vyungu viwili. Mimi ni mtu wa nazi, lakini sombe ile ya mawese, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu zaidi. Bibi aliichota mara tatu akidai kwamba anaichunguza.

Tulikaa kumi kuzunguka sinia moja. Nilikula na Bibi. Alinisukumia kipande cha ndizi bila kunitazama.

Ningependa kuishia hapo, lakini kulikuwa na kile kikaratasi. Wakati wa kuomba fedha za safari mimi niliandika tangazo, na ndani yake niliweka sentensi niliyojivunia sana: kwamba tunarudi kwenye chakula cha mababu zetu, waliokula mimea na kuishi kwa amani na ardhi. Mtu alikibandika kikaratasi kwenye mlango wa jiko. Baada ya kula Bibi akaniambia nimsomee kinasema nini. Nikasoma, kwa sauti, kwa madaha.

"Nani kakwambia?" akasema.

Hakuwa na hasira. Alikuwa anakwangua ukoko wa wali. Akasema mwanzo wa miaka ya 70, alipokuwa msichana, mchele Zanzibar ulikuwa wa mgao na wa foleni. Unakwenda alfajiri unarudi mchana na mkoba mtupu. Nyumba nzima ikala muhogo mkavu, asubuhi muhogo, usiku muhogo, na mdogo wake wa mwisho akilia anataka wali, akipewa kofi na mama yao ambaye naye akilia. "Nikasema, Mungu akinijaalia mtoto, hatolala bila ya kitoweo. Nikamzaa baba yako. Baba yako akakuzaa wewe, ukazaliwa nchi yenye kila kitu, siku ya Idi ukanambia hutaki. Mie nikajiuliza, huyu mtoto anarudi kule nilikotoka mie, ana nini?"

Sikuwa na jibu. Takwimu zangu zote nilikuwa nazo kwenye simu na sikuitoa.

Mwenzetu wa Bukavu ndiye aliyezungumza. Alisema yeye na familia yake walikaa kambi ya Nakivale, Uganda, miaka sita kabla ya kuletwa Kanada, na chakula cha mgao kilikuwa mahindi na maharage. "Mimi maharage siyali," akasema. "Hapa Kanada siyali hata unilipe." Tukatazama sinia. Mbele yake choroko na maharage vilikuwa vimebaki kama vilivyopakuliwa, na wali na sombe tu vimekwisha. Siku mbili alikuwa amekula nasi na hakuna aliyemwona, na mimi niliyekaa na sahani ya buluu mwaka mzima nikijihurumia nilikuwa nimekaa kulia kwake.

Nilimwomba radhi. Akasema haina neno, sombe ilikuwepo. Nimeiomba kamati iifute ile sentensi kwenye tangazo la mwaka ujao, na pawe na karatasi ya kuuliza kila mtu si tu asichokula bali pia asichotaka kukumbushwa. Katibu anasema swali hilo ni gumu kuliandika. Naliacha mikononi mwake.

Sijarudi kula nyama. Sababu zangu bado ninazo, na Bibi hakunigeuza mawazo, wala sidhani kwamba alikusudia. Ila sijasema tena "mababu zetu".

Jumapili niliamshwa na harufu. Wale wa pwani mnaijua na wengine hamtaki kuijua: ng'onda, samaki mkavu, akichomwa juu ya moto wa gesi. Nilikwenda jikoni. Bibi alikuwa peke yake kwenye kona, amekaa juu ya mbuzi iliyokunjuliwa maana viti vya pale ni virefu, na mapajani ana sahani ya kiporo cha wali wa nazi. Alikuwa amemficha samaki ndani ya mkoba wake tangu Ijumaa, amefungwa kwa gazeti na mifuko mitatu ya plastiki. Aliponiona alishtuka kama mtoto aliyekamatwa.

"Nimetia kwenye sahani yangu," akasema haraka. "Sufuria zenu sijazigusa. Nitafungua dirisha."

Nilisimama mlangoni nikitazama sahani ile. Ilikuwa moja, ndogo, pembeni.

Nikatoa mbaazi zilizobaki kwenye friji (neno la Kiswahili, tumeshaamua), nikazipasha moto, nikavuta ndoo nikaigeuza, nikakaa mbele yake magoti yakigusana. Nikamwaga mbaazi juu ya kiporo upande wangu. Akanitazama, akatazama samaki. Akamvuta kwake, akaokota na vipande vidogo vidogo vilivyokuwa vimesambaa, mpaka punje za mwisho, kisha akachora mfereji kwa kidole katikati ya wali.

"Haya, mume wangu," akasema. "Kanawe. Na ule mbele yako."

Tulikula mpaka wenzetu walipoanza kuamka, mmoja mmoja, wakija jikoni kuuliza ni kitu gani kinanuka.